Dodoma kwa masikio: kabati la maktaba, marimba ya Chamwino na rekodi za mwaka 1950

Nimesharudi Iringa, nguo zimefuliwa, ila vumbi la Dodoma bado liko kwenye zipu ya begi. Simulizi hii nimeipanga kutoka kwenye daftari, picha za simu na risiti nilizozikuta mkobani. Bei ni za Julai hii. Ukisoma mwakani, ongeza kidogo.

Chanzo cha safari ni video. Septemba 2022 msanii wa Marekani, Lizzo, alipewa filimbi ya kioo ya mwaka 1813 akaipiga jukwaani. Filimbi hiyo ilitengenezwa na Claude Laurent wa Paris kwa ajili ya Rais James Madison, na leo iko Maktaba ya Bunge la Marekani, pamoja na filimbi nyingine karibu 1,700 alizokusanya mwanafizikia Dayton C. Miller hadi alipofariki mwaka 1941. Wenzangu wa kwaya waliishia kubishana kuhusu mavazi yake. Mimi kilichonikaa kichwani ni kwamba maktaba inatunza ala, na siku moja moja inazitoa zipigwe. Sasa sisi, ambao Bunge letu liko Dodoma, katikati ya Wagogo, watu wa zeze na marimba, ala zetu ziko kwenye kabati gani?

Nafundisha kwaya, si mtafiti. Nimeandika kwa macho na masikio ya mwalimu wa kwaya.

Jumatatu: Iringa, Mtera, Fufu, Dodoma

Tiketi 17,000, basi la saa 12 asubuhi kutoka stendi ya Igumbilo. Tuliondoka saa 1 na dakika 20, baada ya kondakta kuapa kwa kila dini kwamba tunatoka sasa hivi. Ukipita njia hii asubuhi, kaa upande wa kushoto: jua halikupigi, na ukifika Mtera maji yote ya bwawa yako upande wako.

Barabara ni lami tupu siku hizi. Kona za Nyang'oro zilimtapisha kijana wa siti ya mbele, kisha tukashuka bondeni na watu wakaanza kuvua masweta mmoja mmoja. Migoli na Mtera ni samaki. Wachuuzi wanakimbilia madirishani na mabeseni, perege wa kukaanga kwa 3,000, ukibishana 2,500. Mimi sikubishana, alikuwa wa moto. Pale bwawani penyewe simu weka mfukoni, walinzi wapo na hawana mzaha.

Njiani nilisikiliza nilichokuwa nimepakua: rekodi za Wagogo alizozinasa Hugh Tracey alipopita Tanganyika mwaka 1950. Huyu ndiye aliyeanzisha, mwaka 1954, maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, mjini Makhanda, Afrika Kusini. Alitoa mfululizo wa santuri zaidi ya 200 kutoka nchi nyingi za Afrika, na sehemu kubwa ya hazina yake unaweza kuitafuta na kuisikiliza mtandaoni. Pakua ukiwa nyumbani. Mtandao kati ya Nyang'oro na Mtera ni wa kubahatisha.

Kabla ya kufika Fufu tairi la nyuma likapasuka. Spea ilikuwepo, jeki haikuwepo. Tukakaa saa moja na nusu. Mama mmoja mwenye genge la mihogo na karanga alinitolea kigoda chini ya mbuyu na kikombe cha maji, wala hakutaka ninunue kitu kwanza. Akauliza nasikiliza nini. Nikatoa spika ndogo, nikampigia wimbo mmoja wa mwaka 1950, wa sauti tupu bila ala. Alisikiliza mistari miwili huku anamenya mihogo. Mstari wa tatu akaingia na sauti ya chini, kisu hakijasimama. Wimbo wenyewe hakuujua, aliniambia hivyo baadaye, lakini sauti yake ilikaa mahali pake kama iliyokuwa inasubiriwa. Kwaya yangu hunichukua wiki mbili kufika hapo.

Nilinunua karanga za 2,000 na akaniongezea kisado kingine kidogo bure.

Dodoma saa 9 alasiri, stendi ya Nanenane. Kutoka pale hadi mjini daladala ni 600. Madereva wa bajaji watakuambia daladala zimeisha, hazijaisha. Gesti maeneo ya Majengo 25,000, maji ya moto kwa ndoo, chai ya asubuhi ndani. Beba sweta. Dodoma ya Julai usiku ina upepo unaopenya hadi kwenye soksi.

Jumanne: kabati

Maktaba niliyokuja kuiona ni ya chuo kimoja mjini. Mkutubi aliniomba nisiitaje, maana kabati lenyewe halina kufuli la maana na kuna mtu aliwahi kufika na ofa ya kununua ngoma. Nimeheshimu. Ukiwa na sababu ya kweli, uliza kwenye maktaba za vyuo vya mjini, utafika.

Getini wanataka barua ya utambulisho. Nilikuwa nayo, ya mchungaji wangu, yenye mhuri wa usharika. Mlinzi akaisoma mara mbili, akasema mhuri huu ni wa zambarau na mkubwa amezoea wa bluu. Tukacheka wote, ila nilikaa kwenye benchi hadi saa 4. (Kwa atakayekwenda: barua iwe na namba ya simu ya aliyeisaini, na sababu ya safari kwa sentensi moja. Kitambulisho cha NIDA wanaangalia, hawabaki nacho.)

Mkutubi ni mama wa makamo, mpole, mwenye funguo nyingi kiunoni. Chumba cha muziki ni stoo iliyopandishwa cheo, nyuma ya magazeti ya zamani. Kabati moja refu, rafu tatu.

Rafu ya juu ni karatasi. Kuna nakala iliyochakaa ya historia, mila na desturi za Wagogo ya Mathias Mnyampala, iliyotoka kwanza mwaka 1954. Wengi tunamjua kwa ngonjera tulizokariri shuleni. Wachache wanakumbuka kwamba alikuwa Mgogo wa hapa hapa Dodoma, na kwamba aliandika mila za kwao kwa Kiswahili wakati wenye kuandika mambo hayo walikuwa wageni. Chini yake kuna rundo la vitabu vya nyimbo za kanisa vilivyochapwa kwa saiklostaili, nota za herufi, d r m, zile zile tunazotumia kwaya zote za nchi hii. Dayosisi ya Anglikana ya Tanganyika ya Kati ilianza mwaka 1927, makao yake Dodoma, kwa hiyo karatasi za kwaya hapa si haba.

Nilifungua kimoja kwa mazoea tu, kuangalia mpangilio wa sauti. Kwenye wimbo mmoja wa Kigogo, kila mahali palipoandikwa "ta", yaani "ti" iliyoshushwa, mtu ameweka mshale mdogo wa penseli unaoelekea chini. Kila mahali, kurasa nne. Penseli imefifia lakini mkono haukutetemeka. Hakuna jina, hakuna maelezo. Nilipiga picha na kuendelea, ila mshale ule ulinifuata hadi kitandani.

Rafu ya kati ni kanda: za kaseti na za rili. Mashine ya kuchezea rili haipo. Kaseti zina maandishi ya kalamu, "Ngoma", "Ngoma 2", "Ngoma (nzuri)". Nilisikiliza ile nzuri kwenye redio ya mkutubi. Ilikuwa mahubiri.

Rafu ya chini ndiyo niliyosafiria. Zeze la kibuyu, ngozi imetoboka, uzi mmoja umebaki. Upinde wa ndono, ala ya uzi mmoja, bila fimbo yake. Ngoma ya muheme iliyotafunwa ukingo na panya. Na ilimba, marimba ya Wagogo, sanduku la mti mmoja lililochongwa ndani, vyuma vimepangwa juu kwa safu, vitatu havipo na mapengo yake yamejaa vumbi. Vyote vina kadi ya aina moja: ALA YA ASILI, DODOMA. Kijiji hakuna, aliyeichonga hakuna, mwaka hakuna.

Nilimwuliza mkutubi kama naruhusiwa kubonyeza chuma kimoja. Akaangalia mlangoni, akasema, "Kimoja." Kililia kwa sauti kavu, fupi. Nikajiambia kuna kitu kinakosekana hapa zaidi ya vyuma vitatu, lakini sikujua nini.

Jumatano

Nilisubiri saini ya kupiga picha siku nzima. Chapati mbili na chai 1,500. Saini ilipatikana saa 10.

Alhamisi: Chamwino

Chamwino ni kama kilomita 30 mashariki ya mji, barabara ya Morogoro. Gari ndogo 2,000, inajaa haraka asubuhi. Unapita Ihumwa, unapita Mji wa Serikali wa Mtumba na maghorofa yake mapya, kisha mibuyu inarudi. Shemeji wa mwanakwaya wetu mmoja anaishi huko, ndiye aliyenitafutia mzee. Bodaboda aliyenipeleka alikataa nauli: "Wageni wa mzee hatuwatozi." Nilijaribu kumwekea mfukoni 1,500, akawasha pikipiki akaondoka.

Mzee ni fundi. Anachonga, anafua vyuma, na anapiga. Nilimsalimia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Ndiye Mhehe mwenyewe? Ficheni mbwa!"

Uwanja mzima ukacheka, na mimi nikawa mtu wa nyumbani. Nimezoea huo utani, eti Wahehe tunakula mbwa, tangu shule ya msingi, na nina wa kumrudishia, lakini kwa umri wake nilimeza.

Tulianza na rekodi. Spika juu ya kinu, wazee watatu, vijana nyuma, kuku katikati. Rekodi ya kwanza ya ilimba ilipoanza, mzee aliinamisha kichwa akafumba macho. Mwenzake mmoja alitaka kutaja nani anapiga, mwingine akambishia, wakapelekana hadi ukoo wa bibi ya mtu fulani na rekodi ikaisha. Tukairudia. Mara ya pili mzee akasema neno moja tu: "Chini." Alimaanisha ilimba ile imefungwa, yaani imepangwa sauti, chini kuliko yake. Akaleta ya kwake.

Hapa nilitoa simu. Nina programu ya kupimia sauti, ile wapiga gitaa wanayotumia, inayoonyesha umepanda au umeshuka kiasi gani. Inagawa kila nusu toni katika sehemu 100. Nikamwomba anipigie chuma kimoja kimoja kuanzia kile anachokiita cha msingi. Cha msingi, mshale katikati, rangi ya kijani. Kinachofuata kwa kupanda, ambacho kwaya ingekiita "mi", mshale ukashuka, karibu sehemu 14 chini. "So", kijani. Kile ambacho sisi tungekiita "ta", simu ikawa nyekundu kabisa: karibu 30 chini.

Nilimwonyesha kioo. Akakiangalia, akarudia chuma kile mara tatu, polepole, sikio karibu na sanduku.

"Simu yako ndiyo imepanda," akasema.

Na kwa kweli ndivyo ilivyo. Ili nielewe, alichukua ndono, upinde wa uzi mmoja wenye kibuyu, akaegemeza kibuyu kifuani na kuupiga uzi kwa kijiti. Uzi ni mmoja, lakini akikisogeza kibuyu karibu na mbali na kifua unasikia sauti nyingine nyembamba zikitoka juu ya ile nene, moja baada ya nyingine. Hizo sauti za juu hazikupangwa na mtu. Kila uzi duniani unazo, kwa mpangilio ule ule. Ukihesabu ile nene kuwa ya 1, ya 5 inaangukia sehemu 14 chini ya "mi" ya piano, ya 7 inaangukia sehemu 31 chini ya "ta". Mtafiti wa Austria, Gerhard Kubik, alishaandika kwamba muziki wa Wagogo umejengwa juu ya ngazi hiyo ya asili, kuanzia sauti ya 4 hadi ya 9. Kusoma nilishasoma. Kusikia kibuyu kikiachia ile ya 7, halafu ilimba ikaijibu ile ile bila kutofautiana, ndiyo iliyonifanya nifungue picha ya Jumanne.

Mshale wa penseli. Kuna mwalimu wa kwaya, miaka hiyo, aliyeandika "ta" kwa sababu nota za herufi hazina kingine, kisha akarudi na penseli kuwaambia waimbaji wake: chini zaidi ya hapo.

Mzee alipoona picha hakushangaa. "Alikuwa Mgogo," akasema, "au alioa huku."

Kuhusu ile sauti kavu ya ilimba ya maktaba, jibu lilikuwa ukutani. Mbele ya sanduku la ilimba kuna tundu dogo. Mzee alimtuma mjukuu nyuma ya mlango wa jiko, mtoto akarudi na kiota cha buibui, ule utando mweupe mgumu wa mayai. Mzee akauchana kwa kucha, akapata kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, akazungushia nta ya nyuki kwenye mdomo wa tundu, akakibandika na kukipapasa kwa ncha ya ulimi. Kisha akabonyeza chuma. Sauti ikatoka na mvumo, nyuki ndani yake. Akautoboa utando kwa mwiba, akabonyeza tena: kavu, fupi, ile ile ya stoo. Akaweka mwingine.

Kufunga sauti nako nilikuona kwa karibu. Chuma kikisukumwa nyuma ya daraja ili ncha iwe fupi, sauti inapanda; kikivutwa mbele, inashuka. Kwa marekebisho madogo anabandika tone la nta chini ya ncha, kinakuwa kizito na kushuka kidogo tu. Kuna vyuma ambavyo hapigi kabisa. Nilidhani ni pambo. Ananiambia hivyo vinaitikia vyenyewe wenzao wanapopigwa; akaviziba kwa kiganja, na ilimba ikawa kama imeingia mafua.

Mchana tulikula ugali wa uwele na mlenda, na maziwa ya mgando pembeni. Nilipouliza nichangie nini, mama mwenye nyumba alisema ningechangia kwa kumaliza sahani. Nilimaliza.

Mazungumzo ya mchana yalimfikia Hukwe Zawose, hayakwepeki huku. Mtoto wa Dodoma, Mwalimu Nyerere akamwita Dar es Salaam, akaja kufundisha Bagamoyo, akaichukua ilimba na zeze hadi kwenye majukwaa ya Ulaya, akafariki Desemba 2003. Wanawake wa ukoo huo, Zawose Queens, walitoa albamu mwaka 2024. Wazee wanamsifu, na hapo hapo wanamlaumu kwa mazeze ya nyuzi nyingi. "Nyuzi mbili zinatosha kusema kila kitu," alisema mmoja. Mimi siko upande wake. Zeze la nyuzi nyingi la Zawose ndilo lililonifanya nijue kwamba Wagogo wana zeze.

*Kwa wanaopanga safari:* Chamwino huwa na tamasha la muziki wa Wagogo kila mwaka, kwa kawaida Julai. Ukitaka kusikia vikundi vingi kwa siku mbili tatu, panga wakati huo na tafuta malazi mapema. Ukitaka kukaa na fundi na kuuliza maswali ya kijinga, nenda wiki ambayo hakuna tamasha. Kurekodi omba ruhusa kwanza, na useme utafanya nini na rekodi. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inazitaja pia sanaa za jadi, na wazee wanaijua kuliko unavyodhani.

Ijumaa: muheme

Nililala kwa shemeji ili niwasikie kina mama jioni. Ngoma za muheme ni za wanawake: wanazibana kati ya mapaja, wamesimama, wanapiga kwa viganja huku wanacheza, na uzito wa ngoma hauonekani hadi ukishikishwa. Nilishikishwa. Dakika mbili mapaja yalikuwa yanatetemeka, na bibi wa miaka sabini na kitu aliendelea kwa zaidi ya nusu saa.

Kabla ya kuanza ngozi zinaanikwa karibu na moto wa majani makavu, na kiongozi anagonga kila ngoma kwa vidole huku anasikiliza. Moja aliirudisha motoni mara tatu. Nikamweleza kuhusu muheme wa maktaba, uliotafunwa ukingo. Swali lake la kwanza: "Ni wa mama au ni wa mtoto?" Yaani katika kundi kuna ngoma inayoongoza na zinazoitikia, na mtu akiweka moja peke yake rafuni bila kusema ni ipi, ameweka silabi badala ya neno. Hilo ni la kwangu, yeye hakusema kwa urefu hivyo. Yeye alisema, "Moja hailii."

Mchango kwa kikundi 50,000 na kreti ya soda. Mpe kiongozi, mbele ya wote, taja kiasi kwa sauti. Nilielekezwa hivyo na inazuia maneno.

Jumamosi: mzee maktabani

Mzee aliomba mwenyewe kuja. Alivaa koti, akabeba mfuko wa rambo wenye nta, kiota cha buibui kwenye kiberiti, na nyundo ndogo ambayo mlinzi aliizuia getini. Nauli yake nililipa mimi, kurudi pia, na chakula cha mchana cha 3,500 karibu na soko la Majengo.

Mkutubi alimwamkia, akamvutia kiti. Mzee hakuketi. Alipiga magoti mbele ya rafu ya chini, akaitoa ilimba na kuigeuza, akanusa mti, akapitisha kidole gumba kwenye mapengo ya vyuma. Akasema mchongaji alikuwa wa mkono wa kushoto, akatuonyesha jinsi makovu ya tezo yanavyolala. Akasema vyuma viwili si vya asili yake, vimefuliwa na mtu mwingine kutoka kwenye waya wa mwavuli. Zeze alilishika dakika moja, akalirudisha: la kuuzia watalii, halijawahi kupigwa. Mkutubi aliandika yote kwa penseli nyuma ya zile kadi, na mimi nikapima sauti za vyuma vilivyobaki nikamtajia tarakimu. Hugh Tracey alisafiri na seti ya uma za chuma za kupimia sauti na kuandika kwenye kadi zake mitetemo kwa sekunde ya kila ala aliyoikuta. Ndiyo maana leo unaweza kujua ilimba ya mwaka 1950 ilifungwaje hata kama imeshaliwa na mchwa. Sisi tuna simu mfukoni, kadi zetu zinasema ALA YA ASILI.

Mvutano ukaja hapo. Mzee alitaka kuziba tundu kwa utando na kuweka vyuma vitatu. Mkutubi alisema kifaa cha maktaba hakifanyiwi matengenezo bila idhini. Mzee akauliza hiki ni kifaa au ni maiti. Mama wa watu alinyamaza, akazungusha funguo. Nadhani wote wawili wana hoja: ukiweka chuma kipya umefuta ushahidi wa cha zamani, na usipoweka, wanafunzi wataendelea kuamini ilimba hulia kama bati. Mimi ningeagiza ilimba ya pili kwa mzee, mpya kabisa, ikae rafu ile ile kwa ajili ya kupigwa, na ya zamani iachwe na majeraha yake.

Walikubaliana nusu. Utando uliruhusiwa, kwa kuwa unabanduka. Mzee aliubandika akapiga kwa vyuma vilivyopo, akiruka mapengo, na wasomaji wawili wa magazeti wakaja mlangoni kuuliza kama kuna harusi. Vyuma vinasubiri kikao cha kamati, ambacho mkutubi anasema ni Septemba. Wazo la ilimba mpya nimeliandika kwenye barua, nakala moja ameibandika kwenye faili. Bei ya mzee ni 120,000 kwa ilimba nzima, au 5,000 kwa chuma kimoja, na anasema atavifua vile vitatu sasa hivi, kamati ikubali isikubali, kwa sababu vipimo ameshavichukua.

Jumapili

Basi la kurudi 17,000, lilikuwa na jeki. Fufu halikusimama.

Anayekwenda Dodoma kabla ya Septemba na ana mashine ya kuchezea kanda za rili, au anamjua mwenye nayo, aniandikie hapa chini. Mkutubi amekubali zichezwe akiwepo yeye mwenyewe, siku za kazi, baada ya saa 8 mchana.